Subira ya Mume Asiyepata Mtoto

Jambo tutakalolinena hapa halinenwi barazani, nasi twalinena kwa haya, kwa kuwa limo nyumbani mwetu. Sisi ni mume na mke, wakazi wa Shelui, chini ya Mlima Sekenke. Ndoa yetu ina miaka 6 wala hatujaruzukiwa mtoto.

Desturi ya watu ni kumtazama mke. Jina la tasa hutamkwa hadharani. Mgumba wa kiume hunong'onwa tu. Mke hupelekwa kwa huyu na yule, hunyweshwa mizizi, na mwisho huletewa mke mwenziwe, naye huyo akakaa vilevile bila mimba. Hiyo ni dhuluma. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa mtu mzima 1 katika kila 6 hupatwa na taabu hii maishani mwake, na matabibu wasema karibu nusu ya ndoa hizo upande wa mume nao una sehemu. Basi mume na apimwe, tena mapema, kwani kipimo chake ni chepesi kuliko vya mke.

Chepesi, lakini si kwetu tulio mbali. Mume hujizuia siku 2 hadi 7, na manii yatakiwa yamfikie mpimaji kabla ya dakika 60 kupita. Basi la Shelui halifiki Singida mjini kwa muda huo. Kwa hiyo hayatolewi nyumbani, bali hukohuko hospitalini. Wako watakaouliza sharia yasemaje. Wanavyuoni wengi wameruhusu kwa haja ya tiba, na mke akiwapo kumsaidia mumewe shaka huondoka.

Kwetu mbegu zilionekana chache. Sababu ni mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, ikatia joto mahali palipoumbwa pawe na ubaridi kuliko mwili. Mume alipasuliwa. Hapo ndipo tulipoijua subira kwa hesabu yake: mbegu ya kiume huumbwa kwa siku 70 na zaidi, kisha huwa na safari yake kabla ya kukomaa. Tiba ya leo haionekani mpaka miezi 3 ipite, na mara nyingi zaidi ya hiyo. Mwenye kumeza dawa wiki 2, kisha akakimbilia kwa muuza mizizi mnadani, hakuipa tiba nafasi. Tumbaku nayo iachwe, yadhuru mbegu.

Sura ya Ash-Shura yatufahamisha kuwa Mwenyezi Mungu huwapa wengine wana wa kike, wengine wa kiume, na amtakaye humjaalia ugumba. Haikutajwa kama aibu. Naye Nabii Zakaria aliomba mtoto hali amekwisha kuota mvi. Tunawasihi wazee wasituulize habari ya mimba kila Idi.

Iko pia njia ya kutungisha mimba nje ya mwili. Mufti wa Misri, Sheikh Jad al-Haq, aliiruhusu kwa fatwa ya mwaka 1980, mradi mbegu ni ya mume na yai ni la mkewe. Ya mtu mwingine ni haramu. Gharama yake hatuiwezi kwa sasa. Tangu kupasuliwa imepita miezi 4, nasi mwezi ujao twapanda tena Sekenke kwenda kupimwa, inshallah.