Chuma Changu na Antene ya Neil Harbisson

Wengi wenu munanisikia mbele ya kuniona: kwe, kwe, kwe, ni chuma cha mguu wangu wa kushoto. Ninakivaa tangu miaka mitano, sababu ya polio. Kamba zake za ngozi zinashonwa na fundi wa viatu, na wakati wa mvua ninakipakaa mafuta kusudi kisishike kutu.

Mwaka jana, siku ya foto ya klasi, mpiga foto alisema: «Weye ya chuma, enda kule nyuma, utaharibisha foto.» Nikaenda. Katika ile foto munaona paji la uso wangu tu.

Kisha mwalimu wa fizike, katika somo la sauti na mwangaza, akatuambia habari ya msanii Neil Harbisson. Huyu haoni rangi hata moja tangu kuzaliwa. Kwake vyote ni vyeusi, vyeupe ao kijivu. Tangu mwaka 2004 ana antene inayotoka nyuma ya kichwa na kuinama juu ya uso kama ndoana. Jicho dogo la kwenye ncha linapokea rangi, nayo inageuka mtetemo ndani ya mfupa wa kichwa, basi anaisikia. Nyekundu ni sauti ya chini, zambarau ya juu. Anasimama mbele ya mutu, anasikiliza rangi ya macho, midomo na nywele, anaandika nota. Ndiyo picha zake.

Wenzangu walicheka. Mimi nilikasirika kidogo. Yeye aliomba antene yake. Mimi nani aliniuliza?

Lakini habari ya paspoti ilinigusa. Uingereza walikataa foto yake, sababu vyombo vya umeme haviruhusiwi. Akajibu kwamba si chombo, ni sehemu ya mwili wake. Mwishowe wakakubali.

Usiku nilifikiri sana. Je, chuma changu ni mwili wangu? Hapana, ninakivua, kinalala chini ya kitanda. Lakini asubuhi bila chuma sifiki hata mlangoni. Basi tukiite nini?

Juma lililopita mpiga foto alirudi, ni yuleyule. Nikakaa mbele, nikanyoosha mguu.

«Weye tena!»

«Ndiyo, baba. Miye na mguu yangu.»

Akanyamaza, akapiga. Foto haijatoka bado.