Gari la familia likikosa nguvu, pima kwanza ndipo ununue

Kijijini Namawala, katika Bonde la Kilombero, gari halina kazi moja. Asubuhi hubeba mbegu kwenda shambani, mchana hubeba magunia ya mpunga. Usiku, mtu akizidiwa, mwenye gari ndiye anayegongewa mlango ili mgonjwa afikishwe Ifakara, iliko Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko. Kwa hiyo gari likiharibika, tatizo si la baba mwenye gari peke yake. Ni la nyumba nzima, na mara nyingine la mtaa mzima.

Gari linalopendwa kwa barabara za namna hiyo ni Land Cruiser yenye injini ya 1HZ. Ni injini ya dizeli ya silinda sita na lita 4.2, ambayo Toyota ilianza kuitengeneza mwaka 1990 bila tabo. Ni imara, lakini ikibebeshwa mzigo kwenye tope huwa nzito. Ndiyo maana baadhi ya wamiliki huipeleka gereji ikafungwe tabo. Kifaa hiki hutumia nguvu ya moshi unaotoka kwenye injini kuzungusha feni inayosukuma hewa nyingi zaidi ndani. Hewa ikiongezeka, fundi naye huongeza dizeli kwenye pampu. Gari linachangamka, familia inafurahi.

Kisha siku moja linaanza kuugua. Likiwa limesimama linaunguruma vizuri. Likienda tupu hadi sokoni halina shida. Likipakiwa magunia, au likikanyaga tope la masika, linakosa nguvu, linakatakata na pengine linazima. Mwenye gari anaambiwa neno moja tu: pampu. Pampu ya kurushia dizeli ni kifaa ghali. Kwa familia ya mkulima, bei yake inaweza kumeza fedha za mavuno, ada ya shule na akiba ya mama kujifungulia kwa mkupuo mmoja.

Wazazi wa Namawala wanajua maana ya kipimo. Kijiji chao ni miongoni mwa vile ambavyo watafiti wa malaria kutoka Ifakara wamefika kwa miongo kadhaa kuchunguza mbu. Wanajua si kila homa ni malaria, na ndiyo maana mtoto hutobolewa kidole kabla ya kupewa dawa. Gari nalo lipimwe hivyo hivyo kabla ya kununuliwa kifaa.

Kipimo cha kwanza ni macho. Gari la dizeli lisilo na nguvu huku likitoa moshi mweusi mzito, kwa kawaida linasema dizeli inafika lakini hewa haitoshi. Hapo kagua chujio la hewa, mipira inayotoka kwenye tabo na tabo yenyewe. Lisilo na nguvu wala moshi linasema jambo jingine: dizeli haifiki ya kutosha.

Kwa nini basi linaunguruma vizuri likiwa limesimama? Kwa sababu injini isiyo na mzigo hunywa kidogo. Chujio lililoziba nusu bado hupitisha kiasi hicho kidogo. Mzigo ukiongezeka na tabo ikianza kusukuma hewa, injini inadai dizeli nyingi kwa mara moja, na njia ile nyembamba inashindwa. Tabo haikuleta ugonjwa. Imeufichua.

Dizeli husafiri kutoka tangi, hupita kwenye mabomba na mipira, huingia kwenye chujio, kisha pampu, kisha nozeli. Ukaguzi ufuate njia hiyo hiyo, ukianzia penye gharama ndogo. Gari likianza kudai, simama na ufungue kifuniko cha tangi. Ukisikia tangi likivuta hewa kwa nguvu na gari likapona, tundu la kupumulia limeziba. Baada ya hapo fungua kizibo cha chini ya chujio na kukinga kinachotoka. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo yatakaa chini ya chombo. Maji huingia kirahisi pale dizeli inaponunuliwa kwa madumu, hasa wakati wa mvua. Dumu likiachwa litulie usiku kucha na sehemu ya mwisho isimiminwe, maji na uchafu mwingi hubaki humo. Chujio lenyewe, kama hakuna anayekumbuka lilibadilishwa lini, libadilishwe.

Kisha ifuate mipira. Kwenye injini hii pampu huvuta dizeli kutoka tangi, kwa hiyo penye ufa mdogo si lazima uone tone. Badala ya dizeli kutoka, hewa ndiyo inayoingia. Fundi makini hufunga kipande cha mpira unaopenya mwanga karibu na pampu na kutazama. Viputo vikipita mfululizo, hewa inaingia mahali fulani nyuma yake, na tiba yake huenda ikawa klipu moja tu.

Kipo pia kipimo cha dumu. Dumu safi lenye dizeli safi hufungwa imara mbali na tabo, ambayo huwa ya moto sana. Mpira wa kuvuta na ule wa kurudisha dizeli vyote huingizwa humo, kisha gari huendeshwa likiwa na mzigo. Likivuta vizuri, ugonjwa uko kati ya tangi na pale mpira ulipounganishwa. Likiendelea kudai, na chujio ni jipya, sasa ndiyo zamu ya kupima pampu na nozeli.

Njia ya mkato ya kuogopa ni kukaza skrubu ya pampu ili dizeli iongezeke wakati chujio bado limeziba. Gari linaweza kuonekana limepona. Siku chujio litakapobadilishwa, dizeli itazidi, moshi utakuwa mweusi na joto la moshi litapanda. Injini ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya tabo inaweza kupasuka pistoni.

Wenye magari ya petroli yenye tabo wawe waangalifu zaidi. Kwao, petroli ikipungua wakati tabo inasukuma hewa, joto hupanda na injini huanza kugonga. Mlio huo ukisikika, toa mguu kwenye mafuta na usilazimishe safari.

Mama wa nyumba ana swali moja la haki, na fundi mzuri hataudhika nalo: "Fundi, umepima nini hadi ukajua ni pampu?"

Hata hivyo, lipo jambo lenye uzito kuliko injini. Matengenezo haya mara nyingi hufanyika uani, watoto wakiwa wanazunguka. Dizeli iliyokingwa kwa ajili ya kuangalia maji isiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa dakika chache. Kijana wa gereji asivute dizeli kwa mdomo, atumie pampu ya mkono. Na mtu asiweke kidole penye bomba la nozeli injini ikizunguka. Dizeli hapo hutoka kwa shinikizo linaloweza kutoboa ngozi, na kidonda kinachoonekana kidogo kinahitaji hospitali siku hiyo hiyo.

Mtoto akinywa dizeli, petroli au mafuta ya taa, asitapishwe na asipewe maziwa. Hatari kubwa ni mafuta kuingia kwenye mapafu, na kutapika huongeza hatari hiyo. Mvue nguo zilizolowa, osha ngozi kwa maji na sabuni, na mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama anacheza. Akikohoa au akipumua kwa shida, usisubiri lolote.

Kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, mfumo wa m-mama hupigiwa simu bure kwa namba 115. Gari la wagonjwa likikosekana, hutumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa. Huyo naye ana gari lenye chujio, mipira na tangi. Kabla ya mvua, tenga siku moja ya kulikagua gari la nyumbani, nunua chujio la akiba, na lihifadhi pamoja na tochi pale ambapo kila mtu mzima anajua.