Rangi Isiyoficha Kutu

Kiswahili hakitumii kitenzi kimoja kwa kazi ya rangi. Ukuta hupakwa rangi, kama mwili upakwavyo mafuta. Ukindu wa mkeka hutiwa rangi, nayo hupenya hadi ndani ya nyuzi zake. Gari hupigwa rangi. Na mtu anapomhadaa mwenzake kwa maneno matamu, wazee husema amempaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimeyatafakari sana maneno haya tangu mwaka jana, nilipokabidhiwa kazi ya kulitengeneza gari la marehemu baba yangu, Land Cruiser kuukuu iliyokuwa imelala chini ya mparachichi nyumbani kwetu Ngara.

Asili ya gari hilo haijitengi na historia ya wilaya yetu. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, wakapiga kambi Benaco. Nyuma yao yalikuja mashirika ya misaada, na nyuma ya mashirika yakaja magari, mengi yao meupe pe, hata watoto wa wakati ule tulidhani kwamba weupe ndiyo rangi ya msaada. Desemba 1996 wakimbizi walirejeshwa kwao, mashirika yakafunga virago, na baadhi ya magari yakabaki mikononi mwa wenyeji. Moja lilimwangukia baba. Mchana lilibeba kahawa na mahindi. Usiku lilibeba wajawazito kwenda hospitali ya Murgwanza, na sikumbuki baba akimdai mtu nauli ya usiku.

Miaka ya mwisho ya uzee wake liligongwa mlango na tope la mbele. Gereji moja ya mtaani ikaliziba na kulipiga rangi ya buluu. Lilimeremeta kwa masika mawili. Kisha vikatokea vipele, vipele vikapasuka vikawa mabaka, na mabaka yakaanza kutoa unga mwekundu ulioshindana na vumbi la barabara zetu.

Baba alipofariki aliacha deni la matibabu. Kaka yangu, ambaye yuko Kahama, alikuwa amekwisha kumpata mnunuzi. Shauri lake lilikuwa jepesi: tulipige rangi ya haraka juu ya ile iliyopo, ling'ae siku ya kuonyeshwa, tupokee fedha, tulipe deni. Simlaumu. Yeye ndiye aliyekuwa akipigiwa simu na wadai.

Mimi ninafundisha Biharamulo, hivyo ilinipasa kulipeleka gari Nyakanazi, pale barabara ya Kigoma inapoachana na ile iendayo Lusahunga, Benaco na Rusumo. Malori ya Kigali na Bujumbura hupita hapo usiku na mchana, na penye malori hapakosi mafundi. Nilielekezwa kwa mzee mmoja mwenye banda la mabati na maneno machache. Nilimwambia shida yetu. Hakujibu. Alitoa sumaku mfukoni, akaipitisha polepole juu ya mlango. Mahali pengine ilinata. Mahali pengine ilianguka kiganjani mwake.

“Mwalimu, hapa hapana bati,” alisema. “Hapa pana puti tupu.”

Alinitajia bei mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kufunika. Ya pili, iliyokaribia kuwa mara nne ya ile, ilikuwa ya kufukua. Nikamuuliza ya kwanza ingedumu muda gani. “Mpaka mnunuzi afike kwake,” akajibu, wala hakucheka.

Nilimpigia kaka simu. Tulivutana kwa siku tatu. Nilimwambia, “Kaka, na huyo mnunuzi akija na sumaku je?” Alinyamaza, kisha akasema jambo ambalo sikuwa na jibu lake: kwamba deni halingoji ukweli wa bati. Hatimaye tukakubaliana hivi: nilipe bei ya pili kutoka mfukoni mwangu, na gari likimalizika ndipo tuamue.

Kazi ilianza kwa kuvua. Fundi aling'oa taa, vioo vya pembeni, mipira ya madirisha na vitasa, kwa maana kutu hupenda kujificha chini ya mpira. Akaliosha gari lote kwa sabuni ili grisi yote iondoke, kwani palipo na mafuta rangi haishiki. Kisha akashika msasa.

Hapa, ndugu wasomaji, naomba nisimame kidogo. Kabla ya karatasi ya dukani, msasa ulikuwa mti, na ungali mti hata leo. Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi wa mbao waliyatumia kulainishia kazi zao. Karatasi ilipokuja ilirithi jina la mti. Kila fundi wa gereji anapoomba msasa wa namba 80, anautaja msitu bila kujua.

Alianza na namba hiyo, iliyo kali, akikwangua hadi kwenye chuma. Chini ya mlango wa kushoto puti ilibanduka kwa vipande vinene kama kigae, na ndani ya tundu tulikuta gazeti lililokunjwakunjwa, limesindikwa mle ili puti ipate pa kuegemea. Nilijaribu kulisoma. Maneno yake yalikuwa yamekwisha kuliwa na kutu.

Kwingineko, chini ya buluu, palijitokeza nyeupe ya zamani. Kwenye mlango wa dereva palikuwa na kiraka cheupe zaidi ya vingine, chenye umbo la nembo na kivuli cha herufi: mahali palipobandikwa jina la shirika, ambapo jua halikufika kwa miaka. Fundi akaacha mkono. “Hii nayo itaondoka,” alisema, kana kwamba ananiomba ruhusa. Tukaitazama kwa muda, kisha akaendelea.

Tundu lilikatwa, kikachomelewa kipande kipya cha bati. Puti ikarudi, lakini safari hii kwa unene wa ukucha tu, kusawazisha wala si kuziba. Ikafuata praima, kisha msasa wa maji, namba 400, kwa siku mbili nzima. Fundi alikuwa akifumba macho na kupitisha kiganja juu ya bati, akisema jicho hudanganywa na mwanga, kiganja hakidanganyiki.

Ilibaki kuchagua rangi. Lugha yetu ina vivumishi vitatu tu vya rangi vilivyo vyake hasa: -eupe, -eusi, -ekundu. Nyingine nyingi tumeziazima kwa vitu: kijani kwa jani, kijivu kwa majivu, kahawia kwa kahawa, zambarau kwa tunda, na ile nyekundu iliyoiva tunaiita damu ya mzee. Ndiyo maana husema gari jeupe, lakini gari la buluu. Weupe huungana na jina moja kwa moja. Buluu huhitaji kamba ya kufungia. Nilimuuliza mama.

“Nyeupe, mwanangu,” alisema. “Usiku watu walikuwa wakiliona kwa mbali likija.”

Na kumbe hata kadi ya gari ilisema nyeupe. Anayebadili rangi ya gari hutakiwa kuiarifu Mamlaka ya Mapato ili kadi irekebishwe. Buluu ile haikuwahi kuandikwa popote.

Ilikuwa Julai, mwezi wa vumbi. Fundi alikataa kupiga rangi mchana, malori yalipokuwa yakitimua barabara ya pembeni. Wakati wa mvua nako, alinieleza, unyevu huifanya rangi ipoteze mng'ao kabla haijakauka. Alingoja alfajiri. Alimwagia sakafu maji ili vumbi lilale, akafunika vioo kwa magazeti na utepe wa gundi, akachanganya rangi na thina na dawa ya kugandisha, akaichuja kwa kitambaa. Kisha akapita na bunduki, mkono ukienda sawasawa kutoka ncha hadi ncha, bila kusimama. Akisimama, rangi hujikusanya na kutiririka; yeye huita kulia. Akienda mbali mno, rangi hufika imekauka na uso huwa na vishimo kama ganda la chungwa. Mapiga matatu mepesi, na kati ya piga na piga kusubiri. Wiki moja baadaye akalisugua kwa msasa wa namba 2000 na kuling'arisha kwa mkono.

Sisi tunaoshughulika na beti tunaijua hatari hii. Vina vikitua vizuri na mizani ikatimia, shairi hung'aa. Lakini sumaku ya msomaji mzoefu ikipita, huanguka pale ambapo mtunzi alisindika gazeti mahali pa wazo. Wahenga walikwisha kusema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sidharau mng'ao. Fundi yule aliupenda kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na ndiyo sababu alitumia siku tisa kwa kazi isiyoonekana na asubuhi moja tu kwa ile inayoonekana.

Kaka alikuja kutoka Kahama siku ya Jumapili. Hakuzungumza na mtu. Alilizunguka gari mara mbili, akainama kwenye mlango wa kushoto, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ulilia kama chuma. Akagonga tena, chini zaidi. Deni bado liko, na huenda tutaliuza, ila sasa kwa bei inayolingana nalo na kwa mtu tutakayemweleza kila kitu. Lakini jioni ile, tukiwa njiani kuelekea Ngara, mama akitungoja, kaka akiwa kwenye usukani, alisema bila kunitazama:

“Yule mnunuzi nimemwambia asubiri.”