Kigemu cha Mkononi kwa Mtoto wa Kambo: Tulivyochagua



Mmezoea kutusoma tukizungumzia magauni ya harusi, shela, na namna ya kupata kitambaa kisichoonyesha mwili. Leo tunaleta jambo lisilo na sindano wala uzi: kigemu cha mkononi, kile kidogo chenye michezo ya zamani ndani yake, kisichotaka bando wala laini ya simu. Msicheke kwanza. Sisi ni mafundi watatu, sote wanawake, na biharusi akija dukani kwetu haji kupimwa nguo tu. Huja na mambo yake.

Biharusi wetu mmoja alikuwa anaolewa na mwanamume aliyefiwa na mkewe, mwenye mtoto wa kiume wa miaka 9. Gauni lilikuwa limekwisha, imebaki kutia lulu mikononi. Akatuuliza, "Dada zangu, siku ya kuingia nyumba ile nimpe nini yule mtoto? Sitaki aone nimekuja kumchukulia baba yake tu." Alikuwa ametenga shilingi 50,000. Alichokijua kuhusu mtoto ni kimoja: kila akimwona, ameshika simu ya baba yake anacheza gemu.

La kwanza tuliloafikiana ni kwamba asimnunulie simu. Gemu nyingi za kwenye simu hazina mwisho. Ukiziacha zinakuita, zinakuwekea matangazo, zinakuomba ulipie ili uendelee, na nyingine zinamkutanisha mtoto na watu asiowajua. Michezo ya zamani haikutengenezwa hivyo. Unashinda au unashindwa, unazima, basi. Na mama wa kambo akianza maisha kwa kugombania simu na mtoto kila jioni, mapenzi yatapita wapi?

Basi tukaanza kuvisoma vigemu hivi kama tunavyosoma kitambaa. Kumbe vina historia. Ule mchezo wa matofali yanayoshuka, Tetris, aliubuni Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984. Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani ikatoa Game Boy, kigemu cha mkononi chenye kioo kisicho na rangi. Wenzao walikuwa na vioo vya rangi vinavyopendeza, lakini vilimaliza betri upesi sana. Game Boy ilikaa saa nyingi kwa betri 4 ndogo, na bei yake ilikuwa nafuu. Ikawashinda wote. Sisi mafundi tulilielewa hilo mara moja: kitambaa kinachong'aa dukani si lazima ndicho kitakachovumilia kufuliwa.

Pac-Man nao, yule wa duara la manjano anayekula vidonge huku akikimbizwa na vizuka, ulitoka Japani mwaka 1980. Mbunifu wake, Toru Iwatani, alieleza kuwa alitaka mchezo utakaowavutia wanawake pia, kwa sababu kumbi za michezo za wakati ule zilijaa michezo ya kupiga risasi. Tulipoisoma habari hiyo tulitazamana. Tukaujaribu kwenye simu ya mmoja wetu, zamu kwa zamu. Cherehani zikanyamaza kidogo, tunasema kweli.

Sasa dada, ukienda madukani utakutana sana na vigemu vilivyoandikwa michezo 400 ndani ya kimoja. Kama bajeti yako ni ndogo na ndivyo unavyovitazama, haya tuliyaangalia sisi.

Usidanganyike na hesabu. Pitia orodha yote palepale dukani. Mara nyingi mchezo uleule umerudiwa kwa majina tofauti, na mingine hata haieleweki. Mtoto atacheza 5 au 6 tu.

Tazama kilichomo. Baadhi ni michezo ya kuuana kwa bunduki, mingine ni karata. Wewe ndiye unayetoa zawadi, kwa hiyo ujue unachokitoa.

Fungua mfuniko wa nyuma. Vingi vinatumia betri ya BL-5C, ileile ya simu za Nokia za kubonyeza, na hiyo ni faida kwa sababu ikifa unapata nyingine kwa urahisi. Lakini betri ikiwa imevimba, hata kidogo, kirudishe. Betri ya namna hiyo ni hatari ya moto.

Bonyeza kila kitufe. Kisiwe kinazama na kukwama. Halafu anza mchezo, ubonyeze kitufe cha kusimamisha, uone kama unasimama kweli na kuendelea pale ulipoachia. Kwetu hili lilikuwa kubwa kuliko rangi ya kioo, maana adhana haimsubiri mtu amalize raundi. Mtoto akijua mchezo wake utamngoja, hataona sala imemnyang'anya kitu.

Mwisho, punguza sauti mpaka izimike kabisa. Vingine haviwezi, na kelele ile ndani ya nyumba yenye mgonjwa au mtoto mchanga ni adhabu.

Tulidhani tumemaliza. Ndipo mwenzetu mmoja akauliza, "Hiyo michezo 400, wenyewe wamelipwa?" Tukatafuta. Jibu ni kwamba vigemu vingi vya namna hii vina michezo ya makampuni yaliyo hai mpaka leo, na imetiwa humo bila idhini yao. Lilitugusa kwa sababu yametufika. Mtindo wetu wa gauni, tuliokesha tukiuchora, uliwahi kupigwa picha harusini na baada ya muda ukaonekana unauzwa kwingine kana kwamba hauna mama. Maumivu yale tunayajua. Hatumhukumu mtu aliyenunua kigemu cha 400, na mwenye shaka katika dini yake amuulize sheikh anayemwamini. Lakini biharusi wetu aliposikia alikaa kimya, akasema, "Mimi na mtoto yule ndiyo kwanza tunaanza. Nataka tuanze na kitu kisicho na neno."

Kumbe vipo vyenye idhini. Kampuni ya My Arcade ya Marekani, kwa mfano, hutoa kigemu cha Pac-Man kwa ruhusa ya wenye mchezo, na ndani yake mna michezo 3 tu. Mitatu kwa mia nne! Tulibishana asubuhi nzima. Mmoja wetu alisema mtoto atachoka upesi. Mwengine akasema sisi tulikua na kete za bao na kamba ya kuruka, na hatukuchoka. Biharusi akakata shauri: kichache kinachojulikana asili yake. Shangazi yake anayeishi London alikuwa anakuja harusini, akaombwa akibebe. Bei ilipita ile 50,000. Kilichopungua tulikijaza sisi, ikawa ndiyo tunza yetu.

Amekwisha kutupa habari. Mtoto alikipokea, akasema ahsante kwa sauti ndogo, akaenda zake chumbani. Siku ya tatu akatoka nacho, akamwuliza, "Wewe unajua kucheza?" Akamjibu hajui, amfundishe. Wanapeana zamu baada ya chuoni, kila mtu maisha yake yakiisha anampa mwenziwe. Bado hamwiti mama, naye hajamwomba amwite. Alhamdulillah, haraka ya nini?

Kwa hiyo dada unayeingia nyumba yenye mtoto wa mwanamke mwengine, ushauri wetu ni huu. Zawadi isiwe ya kumnyamazisha. Chagua kitu chenye mwisho, kinachoweza kusimamishwa, na kinachochezwa na wawili. Mpe mwenyewe mkononi, usimtume baba yake. Masharti ya matumizi yapangwe na baba mbele yako, yawe machache: skuli, chuoni na sala kwanza, na usiku kinalala sebuleni. Kisha ukae chini ya mkeka umwombe akufundishe. Kushindwa na mtoto wa miaka 9 kwenye Pac-Man hakumpunguzii biharusi kitu.

Allah awajaalie nyumba zenu mapenzi na huruma, na awalee watoto wetu wote, wa kuzaa na wa kupewa. Amin.