Kitabu Kilichonifundisha Kupika

Wahenga walisema elimu haina mwisho. Maneno hayo niliwaambia wanafunzi kwa zaidi ya miaka 30, katika shule za Karagwe na nyingine ambazo tangu mwaka 2012 zimo katika wilaya ya Kyerwa. Lakini nakiri kwamba nilikuwa nikiwaambia wengine. Mimi mwenyewe niliyaelewa baada ya kustaafu, nilipokuwa nimechuchumaa mbele ya mafiga, nikitazama sufuria ya maharage yaliyokataa kuiva.

Mwaka 2011 mke wangu alipatwa na kiharusi. Alinusurika, ila mkono wa kulia haukurudi na ulimi ulibaki mzito. Watoto walikuwa mbali, kila mmoja na kazi yake. Wiki mbili za kwanza majirani walituletea chakula, kama ilivyo desturi yetu. Wiki ya tatu tukabaki wawili, na mgonjwa ni lazima ale. Mwanamume wa rika langu huku kwetu hakuwa na kazi jikoni. Sikujua hata chumvi inawekwa wapi.

Aibu yangu ilikuwa na mizizi mirefu. Mwaka 1975, nikiwa mwalimu kijana, niliongoza kikundi cha kusikiliza redio katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Niliwaeleza wanakijiji kwamba maharage hujenga mwili. Hakuna aliyeniuliza yanapikwaje, na kama ningeulizwa nisingekuwa na jibu. Baadaye, nilipokuwa mwalimu mkuu, kipindi cha Sayansi Kimu kilipofika wasichana walikwenda jikoni na wavulana shambani. Ratiba ile niliiandika kwa mkono wangu.

Katika sanduku la vitabu vyangu vya zamani nilikuta kimoja cha mapishi ya mwanzo, jalada limechanika. Nilikifungua nikitarajia mambo makubwa. Kilianza na kunawa mikono. Kikaeleza kupima kwa kikombe na kijiko, kisha tofauti ya kuchemsha, kukaanga na kupika kwa mvuke. Hakikuniambia nitie chumvi kiasi, maana asiyejua hajui hicho kiasi ni kipi. Kiliniambia kijiko kimoja cha chai. Ndugu msomaji, nilifarijika sana. Mwandishi hakunicheka. Alikubali kwamba sijui, akaanzia hapo, na hivyo ndivyo mwalimu mwema anavyopaswa kuanza.

Nikaloweka maharage usiku kucha, asubuhi nikamwaga maji yale, nikatia mengine na kuchochea moto. Kitabu kilisema saa moja. Saa moja ilipotimia yalikuwa kama changarawe. Tena, kwa haraka yangu, nyanya nilizitia tangu mwanzo. Mke wangu alikuwa ameketi mlangoni. Akacheka, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu augue. Kwa mkono wa kushoto akachukua punje moja, akaibonyeza kwa vidole viwili, akatikisa kichwa.

"Mwalimu," akasema polepole, "usitazame saa. Bonyeza." Kisha akaonyesha nyanya: "Hizo mwisho."

Usiku nilitafakari. Vilima vyetu vingi vinapita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi kama 95 za Selsiasi, si 100 kama pwani. Maharage huchelewa. Uchachu wa nyanya nao huyachelewesha kulainika. Sayansi hiyo niliwahi kuifundisha ubaoni. Mke wangu aliijua vidoleni. Nikachukua kalamu, nikaandika pembeni mwa ukurasa: "Huku kwetu, saa mbili au zaidi. Bonyeza."

Kuanzia hapo tulikiandika upya sisi wawili. Namna yetu ya kupika ndizi haikuwamo. Yeye alielekeza, mimi niliandika: paka mafuta mikononi kabla ya kumenya ili utomvu usigande, weka ndizi ndani ya maji zisiwe nyeusi, maharage yatangulie, ndizi zifuate yakishalainika, funika kwa majani ya mgomba mvuke usitoroke. Aliishi miaka saba zaidi, na kila siku alikula chakula nilichopika mimi. Siku kikiwa kibaya aliniambia.

Mjukuu wangu wa kiume alipopata nafasi ya chuo Dar es Salaam, nilimpa kitabu kile. Nilimpigia mstari sentensi moja ya mwandiko wangu: maharage, hasa mekundu, yachemke sawasawa walau dakika 10, kwa maana mabichi yana sumu. Mengine nilimwachia ayasome mwenyewe.

Baada ya mwezi alinipigia simu. "Shikamoo babu. Maharage yameiva kwa saa moja, kama kitabu kilivyosema. Bibi alikosea?"

"Marahaba. Hakukosea," nikamjibu. "Wewe umeteremka bondeni. Ulijuaje kwamba yameiva?"

Akanyamaza kidogo. "Nilibonyeza."