Gia ya Tano

Chombo kilichoundwa kwa mbio fupi huona taabu katika safari ndefu, na taabu hiyo humfikia pia aliyekipanda. Jambo hili huonekana wazi katika magari ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli, yaani yale magari ya umbo la wastani yaliyotiwa injini kubwa katika miaka ya 1960. Wengi hulihesabu Pontiac GTO la mwaka 1964 kuwa mzazi wa kabila hilo. Kampuni ya General Motors ilikuwa imekataza magari ya ukubwa ule kutiwa injini inayozidi inchi za ujazo 330. Wahandisi wa Pontiac, mkuu wao akiwa John DeLorean, wakatia injini ya inchi 389, sawa na lita 6.4, kwa hila ya kusema kuwa halikuwa gari jipya, bali nyongeza ya hiari katika gari lililokuwapo. Amri ilibaki kwenye karatasi, injini ikatoka barabarani.

Katika mji wa Pontiac wenyewe, jimbo la Michigan, lipo GTO la mwaka 1966 ambalo halijapata kuwa na mwenyewe ila mmoja. Alilinunua jipya akiwa kijana wa miaka 21, mfanyakazi wa kiwanda, na sasa ni mzee wa miaka 80. Gari hilo ndilo lililompeleka Kentucky kuoa, kwa watu wa milimani ambao jamaa zao wengi walihamia kaskazini kufuata kazi ya viwanda. Mkewe alipofariki alizikwa huko kwao, kama alivyousia. Toka siku ile mzee alikuwa na haja moja: kulizuru kaburi kwa gari lile lile alilomchukulia bibi arusi.

Safari ya kwanza ilishindikana. Baba na mwana walishika barabara kuu nambari 75, inayokwenda kusini moja kwa moja, lakini kabla ya kufika Cincinnati walirejea. Gari halikuharibika. Kilichowashinda ni kelele. Mzee, ambaye sikio lake moja lilikwisha dhoofishwa na mashine za kiwandani, alitoka garini akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, na njia nzima ya kurudi hakusema neno.

Sababu ya kelele ile yafaa ielezwe, kwa kuwa ndiyo asili ya mambo yote yaliyofuata. Giaboksi ya gari lile ilikuwa na gia 4, na katika gia ya nne injini na propela huzunguka sawasawa, mara moja kwa moja. Difu ya nyuma ilikuwa ya 3.90, maana yake propela huzunguka mara 3.90 ili magurudumu yazunguke mara moja. Mpango huo ni mzuri kwa kijana anayetaka kuwatangulia wenziwe taa ya barabarani inapogeuka kijani. Lakini kwa mwendo wa maili 70 kwa saa, na magurudumu ya kipenyo cha inchi 26, injini hulazimika kuzunguka mara 3,500 na zaidi kila dakika. Kutoka Pontiac hadi kaburini ni kama maili 400. Mizunguko yake hupita 1,200,000. Kila mzunguko una mlio wake.

Fundi mwenye haraka angelibadili difu na kutia nyingine ya mwendo mrefu. Injini ingelitulia, ila gari lingelianza kuondoka kwa uzito kama punda aliyepakiwa chokaa, na mzee asingelitambua tena. Dawa ilikuwa katika ovadraivu, yaani gia inayoifanya propela izunguke upesi kuliko injini. Ni ajabu kidogo kwamba watu huiita dawa hii ya kisasa. Gari la Chrysler Airflow la mwaka 1934 lilikuwa na ovadraivu tayari. Waliounda magari ya misuli waliijua. Waliiacha kwa kuwa petroli ilikuwa rahisi na mashindano yalikuwa ya robo maili.

Mwana akatafuta. Giaboksi moja ya gia 6 ilimvutia, ila kuitia katika gari lile kwa kawaida hudai kukata bati la sakafu na kulijenga upya kwa kulehemu. Aliposema hayo, mzee alinyanyuka kitini.

“Mama yako aliweka miguu yake juu ya bati lile,” alisema. “Halikatwi.”

“Basi gari litakaa bandani, Baba.”

“Likae.”

Hapa pana ugomvi ambao wapenzi wa magari ya kale wanao kila mahali. Wako wanaosema kuwa gari la asili lisiguswe hata skrubu, na hoja yao si ya kudharauliwa, kwa sababu kilichokatwa hakirudi kuwa kizima na thamani yake hushuka sokoni. Wako wanaosema kuwa gari lisilokwenda si gari. Mzee hakuwa wa kundi hili wala lile. Alitaka gari liende, na alitaka lisijeruhiwe, kisha akakaa kimya kama mtu asiyejua kuwa ameomba mambo mawili.

Ufumbuzi ulitoka kwa giaboksi ya gia 5 iitwayo TKX, ya kampuni ya Tremec iliyozaliwa Querétaro, Mexico, mwaka 1964, mwaka ule ule wa GTO la kwanza. Umbo lake limepunguzwa makusudi ili liingie katika magari ya zamani bila msumeno. Katika gia yake ya tano injini huzunguka mara 0.68 tu kwa kila mzunguko wa propela.

Kazi ilifanyika bandani, gari likiwa juu ya stendi. Giaboksi ya zamani ilishushwa, ikafutwa mafuta, ikafungwa katika blanketi na kuwekwa rafuni, maana hilo lilikuwa sharti. Mwana alikuwa tayari kupandisha mpya siku ile ile. Mzee akamzuia na kumtaka apime kwanza nyumba ya klachi, ile kengele ya chuma inayounganisha injini na giaboksi. Tundu lake la katikati hupaswa kuelekeana na kitovu cha mhimili wa injini, na kosa lisizidi sehemu 5 za elfu za inchi; likizidi, gia hukataa kuingia na beringi hufa mapema. Kipimo kilionyesha kosa la sehemu 9. Kwa miaka mingi giaboksi ya kale ilikuwa imeuvumilia upogo huo, lakini mpya isingelivumilia. Zikatafutwa pini zenye kombo la sehemu 7, zikageuzwa na kupimwa hata kosa likabaki 2. Shughuli hiyo peke yake ilikula siku mbili. Mengine yalikwenda upesi: propela mpya ilikatwa kwa kipimo kilichochukuliwa gari likiwa limeegemea magurudumu yake, na mkia wa giaboksi ukawekwa sambamba na pua ya difu ili gari lisitetemeke.

Bati halikukatwa. Mkono wa gia ulitokeza karibu na mahali pa zamani, na juu yake kikafungwa kile kipira cheupe cha mwaka 1966, chenye namba 1 mpaka 4.

Waliondoka alfajiri, mzee akiendesha. Hata walipokwisha ingia Ohio alikuwa bado katika gia ya nne, na kelele ilikuwa ile ile. Mwana hakumwambia kitu. Mkono uliozoea njia 4 kwa karibu miaka 60 haukuwa na habari ya njia ya tano. Hatimaye mzee alikanyaga klachi, akasukuma mkono kulia, kisha mbele. Sauti ilianguka ghafula. Alitazama sahani ya vipimo kwa hofu, akidhani injini imezimika, na mguu wake ukaanza kutafuta breki. Mshale ulikuwa umesimama karibu na 2,400, na gari lilikuwa likienda maili 70 kama kwanza.

“Inaunguruma bado?” aliuliza.

“Inaunguruma, Baba.”

Akashusha kioo upande wa sikio lake zima ili ahakikishe. Walifika kaburini kabla ya machweo. Waliporudi Pontiac, mwana alitaka kumpelekea mchongaji kile kipira aongeze namba 5. Mzee alikifungua kwa mkono wake mwenyewe, akakitia mfukoni mpaka mwana alipoliacha shauri hilo.