Saa za Usiku wa Arusi

Kwetu Pemba, kwa hesabu ya wazee, siku haianzi alfajiri wala usiku wa manane. Siku huanza jua likichwa. Kwa hiyo ukialikwa arusi "usiku wa Ijumaa", maana yake ni usiku ule ufuatao mchana wa Alhamisi. Nimepata kumwona mgeni wa bara akifika siku ya pili yake, amevaa nguo zake nzuri, akakuta mikeka inakunjwa na kuku wanaokota punje za wali uwanjani. Kila mtu alimhurumia, akapewa chakula, lakini arusi ilikuwa imekwisha.

Watu wengi hudhani ya kuwa kupanga saa za usiku wa arusi ni kazi ndogo: mtu achukue karatasi, aandike saa hii chakula, saa hii nyimbo, saa hii kwenda nyumbani. Mimi nalipewa karatasi hiyo alipoolewa binti wa mjomba wangu, kwa kuwa mimi ni mwalimu na hati yangu yasomeka. Kijiji chetu kiko kando ya hori la maji, si mbali na mji wa Wete. Bwana arusi alitoka katika kisiwa cha Fundo, kilicho magharibi ya Wete, na jamaa zake wengi ni wavuvi.

Liko jambo lililofanya kazi yangu iwe nzito. Mwaka uliotangulia palikuwa na arusi nyingine katika ukoo wetu, na wageni walitoka kisiwa kile kile. Siku iliyochaguliwa ilikuwa ya mwezi mpevu, kama walivyofanya wazee tangu zamani, ili uwanja uwe na mwanga. Wageni walifika alasiri, maji yamejaa tele, wakala, wakasali. Lakini waimbaji wa taarabu walipokuwa wakikaza nyuzi za udi, wageni wote waliondoka mara moja, wanaume kwa wanawake, kama watu walioitwa na msiba. Watu wa kwetu wakaona wamedharauliwa. Bibi arusi alilia. Maneno yaliyosemwa usiku ule yalidumu miezi mingi, hata wazee wa pande mbili hawakutembeleana siku ya Idi.

Walakini wageni hawakuwa na kosa. Siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo ndizo siku za bamvua. Katika pwani yetu, siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi na hupwa karibu na saa nne, mchana na usiku. Na tofauti ya maji yaliyojaa na maji yaliyokupwa yapita mita tatu. Hori letu, ambalo alasiri lapitisha mashua, saa nne ya usiku huwa matope matupu na mizizi ya mikoko. Mwenye chombo asiyeondoka mapema hana budi kungoja hata baada ya usiku wa manane. Wageni wale walikuwa na vikongwe na watoto wachanga, wangefanyaje?

Basi tulikutana barazani kwa mjomba, wazee sita au saba pamoja nami, na miongoni mwao nahodha mmoja mzee aliyekwisha acha kazi ya bahari. Kwanza niliwasomea saa za arusi ile ya mwaka uliopita. Yule nahodha akasikiliza hata mwisho, kisha akaniuliza, "Mwalimu, saa hizo zilitoka wapi?"

Nikamjibu, "Katika saa ya ukutani, babu."

"Na maji, nani aliyeyauliza?"

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Alituambia tuache usiku wa mwezi mpevu, tuchukue usiku wa saba wa mwezi. Akahesabu kwa vidole: kila siku maji hukawia kiasi cha dakika 50, na kwa siku saba saa kumi yawa saa nne. Kwa hiyo wageni wataingia na maji ya saa nne ya asubuhi, na kuondoka na maji ya saa nne ya usiku. Tena siku hizo ni za maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana, na chombo chepesi huelea karibu wakati wote. Mwezi nao huwa juu ya vichwa jua likichwa, na hautui mpaka karibu na usiku wa manane, basi wataona njia yao baharini.

Mjomba akasema, "Lakini nusu mwezi hautatosha uwanjani." Ndipo kijana mmoja akamkumbusha ya kuwa tangu mwaka 2010 tuna umeme utokao Tanga kwa waya mkubwa uliolazwa chini ya bahari, na kwamba wazee walioutaka mwezi mpevu walikuwa na karabai tu, na pengine hata hiyo hawakuwa nayo. Bibi yangu alinung'unika kwa sababu usiku wa saba uliangukia katikati ya juma, na asubuhi yake watu wana kazi. Akaambiwa maji hayaijui Ijumaa.

Sasa yalibaki mambo ya nchi kavu. Ngoma haipigwi wakati wa sala, na baina ya adhana ya magharibi na ya isha haipiti sana saa moja na robo; wakati huo ni wa sala na chakula, wala si wa kitu kingine. Vijana walitaka ngoma ya msewe, ambayo wachezaji hufunga misewe miguuni, ikalia kwa kila hatua. Hao niliwapa alasiri kidogo, na usiku baada ya wageni kuondoka. Hawakupendezwa, lakini walikubali.

Taarabu ndiyo iliyonisumbua. Mwenye kuisikia redioni hudhani wimbo una mwisho ujulikanao. Arusini sivyo. Wanawake hutoka mmoja mmoja kwenda kumtunza mwimbaji, wakicheza polepole na fedha mkononi, na maadamu yuko anayetoka, mwimbaji harudi kitako. Mama wa bwana arusi asipopata nafasi ya kutunza mbele ya watu, amekuja bure. Hilo ndilo lililokosekana mwaka uliopita. Basi nikamwambia mkubwa wa waimbaji aanze mara baada ya isha, yaani saa mbili. Akakataa kabisa, akisema taarabu haijapata kuanza saa mbili tangu azaliwe. Nikamweleza ya kuwa wenye kutunza wataondoka saa nne. Akafikiri kidogo, akaniuliza kama isha haiwezi kusaliwa upesi.

Usiku ule wimbo wa pili ulikuwa haujafika katikati mama wa bwana arusi aliposimama. Alikuwa mzee, akitegemea bega la mjukuu wake, akavuka ukumbi mzima taratibu, na mama wa bibi arusi akatoka upande wake kumlaki. Wote wawili wakatunza pamoja. Sikuiangalia saa yangu. Naliogopa mtu asije akaniona nikiiangalia.

Saa nne na robo wanawake wa kwetu waliwasindikiza wageni hadi pwani kwa vigelegele, na maji yalikuwa yakigonga mikoko. Vijana wakaushika uwanja, wakacheza hata mwezi ukatua. Karatasi yangu sikuiona tena. Nasikia mpishi aliichukua kufungia vipande vya halua vya watu wa chomboni.